Vitunguu vya kiangazi, Tabora: sasa viko chanjani

Mvua za Novemba zimeshaanza na Red Creole yangu bado iko chanjani, ukiibonyeza ni ngumu kabisa. Texas Grano imekwisha, tumeila yote, na ndivyo nilivyopanga.

Nilitaka mbegu mbili kwa kazi mbili. Texas Grano ni kubwa, ya manjano hafifu, ina maji mengi na ukali kidogo. Hiyo ni ya kachumbari, na ukipata ndimu na mgebuka wa kukaanga kutoka Kigoma, huhitaji kingine. Ila haitunziki. Red Creole ni bapa, nyekundu, inaliza. Hiyo ndiyo ya kukaangia na ndiyo inayokaa.

Zote ni za siku fupi: mchana wenye urefu wa saa 12 unazitosha kujaza kitunguu, na huku kwetu mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Zile za Ulaya ya kaskazini zinazotaka mchana wa saa 14 au zaidi zingeishia majani tu. Uliza hilo dukani kabla hujavutiwa na picha ya pakiti.

Kitalu nilikiweka Aprili, mvua zikielekea kwisha. Mwishoni mwa Mei miche ilikuwa na unene wa penseli, nikaihamishia kwenye majaruba, sentimeta 10 mche kwa mche, 15 mstari kwa mstari. Samadi iliyooza vizuri, maji ya kisima. Urea niliiweka mapema, nikaacha kabla vitunguu havijaanza kujaza. Ikichelewa inaleta shingo nene, na shingo nene haikauki. Uozo unapitia hapohapo. Wengi wanaulizia namna ya kujenga ghala, lakini kwa ninavyoona mimi kitunguu cha kukaa kinatengenezwa shambani.

Majani yalipoanza kulala nikakata maji. Zaidi ya nusu yalipolala, nikang'oa. Shika shingo kwa vidole viwili uisokote: iliyo tayari ni laini na tupu, isiyo tayari ina kitu kigumu chenye utelezi ndani. Hizo nilizitenga za kula kwanza.

Nilivitandaza chini ya mwembe kwa wiki mbili hivi, penye upepo bila jua la kuviunguza, mpaka maganda ya nje yakawa yanachakacha mkononi. Ndipo nikakata majani, nikabakiza kishingo cha sentimeta 2 au 3.

Chanja ni ya fito, paa la nyasi, pembeni wazi, vitunguu tabaka moja jembamba. Kwa unyevu huu wa mvua navipekua mara kwa mara; kinachochipua kinaenda jikoni, majani yake nayo ni mboga.

Mwakani mbegu nitanunua mpya, maana ya kitunguu hupoteza nguvu haraka, na kuzalisha yangu ni shida: kitunguu kinataka baridi ndipo kitoe maua. Nitaongeza jaruba moja la Mang'ola Red niilinganishe na Red Creole kwenye chanja hiihii.