Kilo za Mzee wa Pate

Novemba 2023 mvua za El Niño zilitukata sisi watu wa Lamu na bara. Maji yalipita juu ya barabara ya kutoka Garsen pale Lango la Simba, mabasi yakasimama, nami nikakwama Nairobi na cherehani ya mama mdogo.

Alikuwa amenipa kwa sababu macho yalimwishia. Singer nyeusi ya mkono, na yale maua yake ya dhahabu yamefutika pale kiganja kinapopita. Yangu ya Kichina ilikuwa imekufa huko nyumbani Langoni, na nilikwisha kula arubuni za sare za shule za Januari. Arubuni ikishaliwa hairudi. Nikakata tiketi ya ndege, mara yangu ya kwanza, kwa pesa ambazo hata sasa sipendi kuzihesabu.

Mama mdogo alinifungia mwenyewe. Alichomoa sindano, akainua mguu, akatia chini yake kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, akaushusha polepole. "Chuma kisisagane na meno njiani," akasema. Kisha akaifunika na lile kasha lake la mbao, akapitisha kamba ya katani mara mbili.

Uwanja wa Wilson, kijana wa mizani akaniuliza kama nimebeba mawe. Ndege ilikuwa ndogo, ya viti kumi na kitu, na kila abiria alikuwa na kilo 15, mkoba na yote. Mimi nilikuwa na 19. Nikasema nitalipia zilizozidi. Akasema si suala la pesa, ndege imejaa, mzigo uliozidi utafuata kesho nafasi ikipatikana. Nafasi ikipatikana! Nimekaa Lamu miaka yote hii, najua maana ya maneno hayo.

Nikafungua kamba palepale sakafuni. Kasha la juu nikampa binamu yangu arudi nalo nyumbani: 17. Nikalegeza skrubu ya gurudumu, nikalichomoa, nikalitia kwenye mkoba, nikajiona mjanja. Kijana akacheka. "Mama, na mkoba nao si unapimwa?"

Nyuma yangu alisimama mzee wa kanzu na kofia ya vito, mkononi mfuko mmoja wa plastiki na mkongojo. Alikuja Nairobi kutazamwa moyo. Akanigusa bega kwa kishikio cha mkongojo.

"Kilo zangu zalala bure, mwanangu. Njoo uzitwae."

Nikampa gurudumu na mkebe wa bobini. Akavitia mfukoni mwake, juu ya dawa zake, akauweka kwenye mizani kwa madaha kama muuza dhahabu. Yangu ikasimama kwenye 15 na nukta kidogo. Kijana akatazama pembeni, Mungu amlipe.

Kwenye mashine ya kukagulia, askari aliitazama ile picha muda mrefu, akaniita. Mkasi nao ukaondolewa mkobani, ukaenda kukaa na mizigo ya chini. Haya yalipita haraka, maana mzee alikuwa akimweleza askari kwa sauti kubwa kuwa bila cherehani hii watoto wa Amu wataenda shule uchi.

Angani nilimwona rubani kisogo, na hilo halikunisaidia. Mzee alilala. Mimi nilitazama chini tulipofika Tana. Mto hukuuona tena, ulikuwa umekuwa bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Vichwa vya miti vimechomoza, na barabara ikaonekana kama uzi mweusi ulioingia majini usitokee. Pale ndipo nilipoacha kuilaani bei ya tiketi.

Uwanja wa ndege wa Lamu uko kisiwa cha Manda, kwa hivyo ukishashuka bado hujafika. Mizigo ilisukumwa kwa mkokoteni hadi jeti, yaani gati la boti, na maji yalikuwa yakipwa, boti iko chini sana ya ngazi. Hapo ndipo moyo wangu ulipotoka. Ndege nzima nimeivuka salama, halafu hamali mmoja juu anaining'iniza cherehani kwa kamba, mwingine chini amenyoosha mikono huku boti inacheza. Nikafumba macho. Nikasikia tu "Imeshika!"

Katika hekaheka hiyo mzee alikwisha ingia boti nyingine. "Mai yapwa!" aliita. Alikuwa anawahi chombo cha kwao, kisiwa cha Pate, kabla maji hayajapungua. Nikampungia mkono.

Nilimkumbuka tena nyumbani, punda ameshateremsha mzigo, nimefungua kamba, nimeondoa kitambaa chini ya mguu. Nikanyoosha mkono kuzungusha. Hakuna cha kuzungusha.

Siku tatu nilikaa na cherehani isiyo gurudumu wala bobini, majirani wakija kuitazama kama mgonjwa. Jina la mzee sikuwa nalo. Nilikwenda jeti nikawaambia manahodha wa Mtangawanda, bandari ya Pate: mzee wa Pate, mkongojo, ametoka kutazamwa moyo. Wakaitikia kama kwamba nimetaja jina la baba yake.

Siku ya nne nahodha alinipa kifurushi cha gazeti. Gurudumu lilikuwa limepakwa mafuta ya nazi lisishike kutu, mkebe umefungwa kwa uzi. "Mzee asema umrudishie kilo zake mbili."

Nikamshonea kanzu kabla ya sare hata moja. Vipimo sikuwa navyo, nilikisia kwa kukumbuka bega lake lilivyokuwa karibu na langu ndani ya ndege, nikaituma na chombo hichohicho. Jibu lilikuja baada ya wiki: mikono ni mirefu, lakini hairudishi.