Posa Isiyo na Sukari

Barua ilitufikia Ng'ambo, Tabora, mwanzoni mwa Oktoba 1983. Washenga wa Kigoma wangepanda treni kuja kumposa shangazi yangu, mdogo wake baba. Watakuwa wanne tu, iliandikwa, msijisumbue. Bibi aliisikiliza barua ikisomwa hadi mwisho, kisha akasema, "Watu wanne wanaosema msijisumbue ni watu wanane. Haya, sukari ipo?"

Aliuliza kwa kejeli. Sukari haikuwepo, na kila mtu mle ndani alijua haikuwepo. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha tangu 1979, lakini ufukara wake ulikuwa bado unatukalia kichwani. Sukari ilikuwa ya mgawo, kwa kikaratasi cha balozi wa nyumba kumi, na siku ya mgawo ikifika unaweza kupanga foleni alfajiri ukarudi na mfuko mtupu. Sabuni vilevile. Mafuta ya taa vilevile. Mwaka huohuo Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu waliogopa hata kuonekana na vitu vya halali, wakadhaniwa wameficha vingine.

Lakini Oktoba kwa nyumba ya Bibi haikuwa mwezi wa njaa. Kwetu miti ya miombo hupukutisha majani Julai na Agosti, halafu, kabla tone moja la mvua halijaanguka, huchipua majani mekundu. Kipindi hicho shamba halina kitu, na mtu hula alichoweka. Bibi alikuwa ameweka. Juu ya dari la jiko, moshi unapopita wadudu wakakimbia, kulikuwa na vikapu vya nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na vikapu vikubwa zaidi vya viazi vitamu vya mavuno ya Juni. Vingine alikuwa amevimenya na kuvikata vibichi, akavianika mwambani: hiyo ni michembe. Vingine alivichemsha kwanza, ndipo akavimenya, akakata vipande na kuvianika: hayo ni matobolwa. Watu wa pwani huvichanganya viwili hivi, nami huwa nawasahihisha bila huruma. Michembe unaipika na karanga za kutwanga ikawa chakula kizito. Matobolwa unaweza kuyaweka mfukoni ukayatafuna njiani, utamu unakuja polepole, ila siku ya kwanza ni magumu kama kwato.

Asali tulikuwa nayo pia, debe zima kutoka Sikonge, kwa rafiki wa baba aliyekuwa akitundika mizinga ya magome porini. Bibi akaanza kufanya majaribio. Alichemsha mchaichai, kwa kuwa majani ya chai yenyewe yalikuwa ya kubangaiza, akatia asali, akaonja, akatema. Asali ikichemka pamoja na chai inaleta uchachu fulani. Akagundua kwamba itiwe mwishoni, sufuria likiwa limeshaepuliwa. Mimi ndiye niliyekuwa muonjaji. Tumbo langu lilijaa chai kutwa.

Shangazi alipewa kazi ya nguo. Kwa kuwa sabuni ilikuwa kipande kimoja chembamba kilichowekwa akiba kwa ajili ya kuogea wageni, mashuka yalifuliwa kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, na masufuria yalisuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka yakatoa macho. Kazi ngumu ilikuwa shati la baba. Kola ilikuwa imechanika pale shingo inaposugua. Shangazi aliifumua kwa wembe, uzi kwa uzi, akaigeuza upande wa chini ukawa juu, akaishona kwa mkono usiku karibu na koroboi. Akapiga pasi ya mkaa. Ukitazama kwa mbele, shati jipya. Baba alikatazwa kuinama.

Treni iliyotarajiwa alfajiri iliingia jua likiwa utosini. Wakashuka sita. Bibi akanitazama tu, hakusema neno.

Walikuwa na kikapu cha dagaa, dumu la mawese, na chumvi waliyoinunua treni iliposimama Uvinza. Tukawakaribisha sebuleni, yule balozi wa nyumba kumi naye akiwa amekaa kwenye kiti cha heshima, kwani posa haiendi bila wazee wa mtaa. Chai ikaletwa ikiwa imeshatiwa asali. Mshenga akanywa, akanyanyua nyusi. Hapo Bibi akatoa hotuba yake. Kwetu Unyamwezini, alisema, mkwe anapokuja mara ya kwanza hapewi sukari, sukari ni ya kila mtu. Mkwe hupewa asali, ili maneno yatakayosemwa yasiwe na ukali. Sijawahi kuusikia utaratibu huo kabla ya siku ile. Baba alikuwa akitazama kikombe chake kwa makini sana.

"Hii ni heshima kubwa, mama," mshenga akajibu, akaweka mkono kifuani. Alipoinamisha kichwa, shangazi, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia, akanifinya bega. Kola ya mshenga nayo ilikuwa imegeuzwa. Mishono ilikuwa mizuri kuliko yake, aliniambia baadaye kwa wivu.

Tukala. Jogoo mmoja kwa watu kumi na kitu, akiongezewa mchuzi wa karanga na nsansa, na wali ambao ulitosha. Shangazi yake bwana arusi aliyapenda matobolwa akawa anayatia kwenye mkoba wake akidhani hatuoni.

Kisha, katikati ya maneno ya mahari, mzee mmoja wa Kigoma akakumbuka zawadi iliyobaki. Akafungua kitenge kilichofungwa mafundo. Ndani, mfuko wa sukari. Kilo nzima, labda zaidi, nyeupe, safi.

Hakuna aliyepumua. Ilikuwa imetoka wapi? Ziwa Tanganyika lina ng'ambo nyingine, na mitumbwi ya usiku haikuwa ikibeba dagaa peke yake. Na balozi ameketi pale pale, mwenye kikaratasi cha mgawo. Balozi akakohoa. Akaitazama dari, akaitazama tena ile sukari, akasema, "Chumvi ya Uvinza siku hizi imekuwa nyeupe kweli."

"Wamebadilisha mitambo," Bibi akadakia, huku akiufunga mfuko. Balozi aliondoka jioni na kikombe kimoja cha chumvi hiyo, kimefunikwa kwa sahani.

Mahari yalikwama kidogo kwenye pesa. Baba alitaka kiasi fulani, wao wakalia hali ngumu, na mshenga akaanza methali. Bibi akawakatisha. Wapunguze pesa, alisema, lakini waongeze madebe mawili ya mawese. Wanaume wakashangaa: mahari ya mafuta? Akawajibu kwamba shilingi hainunui sabuni kama sabuni haipo.

Madebe yalishuka na treni Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. La kwanza lilipikwa sabuni uani kwetu, kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi yaliyochujwa mara kadhaa, tukikoroga kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi. Ilitoka laini, ya rangi ya kahawia, haina povu la kujivunia, lakini ilifua nguo zote za arusi. La pili Bibi alilifungia chumbani kwake, na kila jirani aliyekuja kuomba japo kijiko alijibiwa kuwa hiyo ni mahari ya mtu, haikaangiwi vitumbua.