Pamba Alikuwa Akikoroma

Pamba alipotea siku mbili. Kwa paka wa Lamu hilo si jambo. Wana mji wao juu ya kuta na mapaa ya makuti, na jioni huteremka pwani kuwangoja wavuvi. Wageni huwapiga picha, wakisema miguu ile mirefu na vichwa vile vyembamba ni vya paka wa michoro ya Misri ya kale. Sisi tuliwajua zaidi kwa wizi wa samaki.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilimkuta chini ya kitanda cha Bibi. Nilikuwa na miaka 11. Nililala kifudifudi, nikamwita, naye akaanza kukoroma. Nikafurahi: kukoroma si ndiyo raha ya paka? Nikamvuta, nikampakata, nikaanza kumpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani.

Yote niliyaona. Alikuwa amejikunyata, miguu yote minne kaificha tumboni. Manyoya ya mgongo yameshikana vishungi vishungi kwa kutolambwa, naye ndiye aliyekuwa hodari wa kujilamba hata akirukiwa na tone moja la chai. Ncha ya mkia ikaanza kunipiga pajani, pu, pu, pu. Ngozi ya mgongo ikamchezacheza kama ya punda anayefukuza inzi. Masikio yakageukia pembeni, halafu yakalala kabisa. Na bado anakoroma! Mkono ulipofika kwenye shina la mkia, akaning'ata.

Nilipiga ukelele, Bibi akatoka jikoni na upawa. Nilitaraji Pamba atapigwa. Bibi akanitazama mimi.

"Kakwambia mara ngapi?"

"Nini, Bibi?"

"Kwa mkia kakwambia. Kwa mgongo kakwambia. Kwa masikio kakwambia. Wewe wasikiliza koo tu. Mtu akiumwa si huguna? Na paka hukoroma hata akiwa na maumivu, ajibembeleza."

Hayo hakuyasoma popote. Kila jioni aliwamwagia paka wa mtaa vichwa vya samaki, akikaa kizingitini kuwatazama mpaka wamalize.

Mkono wangu ukaoshwa kwa sabuni na maji ya mfereji hata vidole vikakunjamana, kisha hospitali, sindano za kichaa cha mbwa. Hazikuwa moja.

Aliyemtibu Pamba ni kijana mmoja aliyezoea kutibu punda. Sikumwamini. Lakini alipoingia hakumshika wala hakumkazia macho. Aliketi sakafuni, akampa ubavu, akazungumza na Bibi habari za bei ya sukari mpaka Pamba mwenyewe akasogea kumnusa vidole. Ndipo akamfunika shuka na kumkagua. Jipu lilikuwa pale pale nilipogusa, na juu yake matundu mawili ya meno. Paka shume fulani alimng'ata akikimbia. Likapasuliwa, nyumba nzima ikanuka.

Baada ya siku kadhaa nilimwona akikatiza ua, mkia juu, ncha imepinda kama ndoana. Akanipita, akaenda kumsugulia Bibi shavu kwenye kifundo cha mguu. Aliporudi alilala karibu yangu, si karibu sana. Nikanyoosha mkono. Ncha ya mkia ikapiga sakafu mara moja.

Nikaurudisha.