Timu ya mawakala: alama apewe nani?

Ukitumia kanuni za mageuzi (njia ya kompyuta ambapo suluhisho zenye alama za juu huzaa zaidi, kizazi hadi kizazi) kuunda timu ya mawakala, yaani programu zinazojiamulia hatua, ugumu hauko kwenye kuchanganya jeni. Uko kwenye kugawa alama. Chukua wawindaji wanne kwenye gridi, na windo linanaswa likizibwa na watatu. Timu ikishinda na wote wakapewa alama sawa, mzembe aliyesimama pembeni anazaa sawasawa na aliyekimbia kuziba njia. Dawa ninayoiamini: rudia mchezo bila wakala huyo, kisha mpe tofauti ya alama za timu. Lakini wote wanne wakiziba, kila mmoja anapata sifuri! Kwa hiyo alama zitokane na idadi ya hatua hadi kunasa, si kushinda au kushindwa tu.

Mwaka 1994 watafiti Potter na De Jong walipendekeza kila sehemu ya tatizo iwe na kundi lake la wagombea, yaani suluhisho za kujaribiwa, kila mmoja akipimwa pamoja na wenzake wa makundi mengine. Njia nzuri sana, ila usimpime mgombea na wenzake bora pekee. Ongeza wachache wa kubahatisha, halafu chukua alama ya juu kabisa. Wastani huwabeba wanaopatana kidogo na kila mtu, na timu hukwama hapo.

Mahali pa kuanzia mchezo pabadilike kila kizazi, ila pawe palepale kwa wagombea wote wa kizazi hicho. La sivyo unapima bahati.