Nani Atasalimia kwa Niaba ya Dunia?

Neno la wiki: Zaburi 115:16, Yakobo 1:19

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kijana mmoja wa ushirika wetu aliuliza: kama wapo viumbe wenye akili huko mbali kwenye nyota, je, ni vema tuwaite? Baadhi walicheka. Mimi naona ni swali la imani kabisa.

Kuwapo kwao kusitutishe. Wakolosai 1:16 yasema vitu vyote viliumbwa katika Kristo, vinavyoonekana na visivyoonekana. Kama wapo, ni wake.

Kinachonisumbua ni huko kuita, maana kumeshaanza. Tarehe 16 Novemba 1974, darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe usiofika dakika 3 kuelekea kundi la nyota la M13. Hata kwa mwendo wa mwanga, utachukua miaka 25,000 hivi kufika. Waliotuma walikuwa wataalamu wachache wenye nia njema, lakini walisema kwa niaba ya kila mtu. Mama anayepanga nyanya zake katika soko la Gikomba hapa Nairobi hakuulizwa.

Mwaka 2010 mwanafizikia Stephen Hawking alionya kwamba wageni hao wangeweza kututenda kama wenyeji wa Amerika walivyotendwa baada ya Columbus. Sisi wa Nairobi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Jina la mji wetu ni la Kimaasai, la mahali penye maji baridi. Reli ilifika hapa 1899, kisha kwa mikataba na Waingereza ya 1904 na 1911 Wamaasai wakahamishwa kutoka malisho yao. Mikataba ilikuwa na alama za viongozi wachache. Mwaka 1913 baadhi ya Wamaasai walikwenda mahakamani wakisema kwamba walioitia sahihi hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga wengine kwa mkataba. Kesi ikatupwa, na ardhi ikaenda. Nikisoma habari hiyo naumia, na ndiyo sababu siwezi kukubali kirahisi mtu atie sahihi kwa niaba ya dunia nzima.

Zaburi yasema: "Mbingu ni mbingu za BWANA, bali nchi amewapa wanadamu." Amewapa wanadamu wote, si wenye mitambo peke yao.

Kusikiliza ni jambo jingine. Yakobo anatuagiza kila mtu awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema. Darubini ya MeerKAT kule Karoo, Afrika Kusini, imetumika kutafuta ishara za viumbe wa namna hiyo, na naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Kusikiliza hakumfungi mtu ambaye hakuulizwa.

Na kama siku moja tutasema kwa pamoja? Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa 1977, vilibeba sahani ya dhahabu ya kurekodia sauti, yenye salamu za lugha 55. Kiswahili hakimo, ila Kiganda cha majirani zetu kimo, na salamu yake inawaombea wote Mungu awape amani siku zote. Salamu hiyo haielezi tunakaa wapi wala tuna nini. Kwa salamu ya namna hiyo, mimi ningesema amina.

Wiki hii tuwaombee wanaosimamia darubini hizo wapewe subira. Tuombe pia kwamba siku watakapotaka kusema, waje kwanza watuulize, hata sisi wa Gikomba.