Nilivyotengeneza kitabu chenye nusu ya shairi

Juni 25, 2024 nilikuwa kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Moi Avenue hapa Mombasa, chini ya sanamu ya Pembe za Ndovu, na usiku ule ule nikaandika shairi. Lilikuja haraka na likawa baya. Kila kitu kilikuwamo: Mswada wa Fedha, mkate, bunge, risasi. Nilipolisoma kesho yake niliona nimenakili mabango tu. Sina neno na mabango. Yalifanya kazi yake, kwani kodi ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa hata kabla ya siku hiyo, na Juni 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Lakini Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa hesabu ya waliouawa: 39. Nilitaka kitu ambacho mtu akikishika mkononi kitamnyamazisha kidogo, kimkumbushe kwamba hao walikuwa na kwao.

Njia niliipata ndani ya shairi lenyewe. Aliyefundishwa ushairi shuleni anajua mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani, yaani silabi, nane kwa nane, na katikati sauti inatua. Siku zote nilikuwa napita hapo bila kupatazama. Safari hii nikajiuliza: je, mahali pa kutua pakiwa ndipo penye mkunjo wa kitabu? Ukwapi ukae ukurasa wa kushoto, utao kulia, na msomaji afungue mikono yote miwili ndipo mshororo uungane. Nikaandika ubeti mmoja tu:

Tulibeba maji yetu, na bendera mkononi
Tulidai haki yetu, tukiimba mitaani
Hatukumtupa mtu, tulishikana begani
Hawakurudi wenzetu, mama yuko mlangoni

Kitabuni, mishororo mitatu ya kwanza imekamilika. Ukifungua wa nne, kushoto unasoma "Hawakurudi wenzetu", na kulia ni peupe. Nimebakisha kina peke yake, "ni", pembeni kabisa, karibu kudondoka nje ya karatasi. Mdomo uliokwishazoea mitaani na begani unataka kumalizia, na hauna cha kumalizia. Ule utao wenye mama mlangoni nimekuonyesha wewe hapa, ila kitabuni haumo. Kuuondoa kuliniuma, kwa sababu ndio kipande nilichokipenda zaidi. Niliuondoa mara mbili na kuurudisha mara mbili kabla sijakubali.

Nakala nikaamua ziwe 39.

Karatasi nayo haikuwa jambo dogo kwangu. Mshairi Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kikaratasi chake cha "Kenya: Twendapi?", na gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kama Sauti ya Dhiki. Mimi nilimsoma kwenye kitabu safi, chenye herufi zilizonyooka, na siku niliyojua yaliandikwa juu ya nini nilihisi kwamba nusu ya shairi ilikuwa imebaki kwenye ile karatasi tusiyoiona. Kwa hiyo sikutaka karatasi ya dukani. Mama anayeuza mahamri mtaani kwetu alikubali kuniwekea pakiti zake za unga wa ngano, zile za kilo mbili. Pakiti moja ukiifungua na kuinyoosha kwa pasi ya moto mdogo inatoa kurasa mbili pana, kwa hiyo pakiti mbili kwa kila kitabu. Upande wenye maandishi ya kiwandani niliuficha ndani, mgongo kwa mgongo. Ukiuinua ukurasa ukaelekeza dirishani, uzito na maelezo ya unga yanaonekana kwa mbali nyuma ya shairi, kama kivuli.

Gundi nilipika mwenyewe, uji mzito wa ngano. Hapo nilikosea. Wiki ya kwanza mende walikula pembe za vitabu vitatu, wakaacha vishimo mpaka kwenye herufi. Nilianza upya, na mara hii uji niliupika kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini. Mende hawakurudi.

Kuchapa ndiko kulikonichelewesha. Duka la kwanza nililokwenda, kijana alisoma ukurasa mmoja akanirudishia akisema hawachapi mambo hayo. La pili walinitajia bei ambayo niliielewa kuwa ni kunifukuza kwa adabu. Sikuwalaumu sana. Siku zile watu walikuwa wanachukuliwa majumbani, na kila mtu ana watoto. Nikamkumbuka msanii Cildo Meireles wa Brazil. Mwandishi wa habari Vladimir Herzog alipokufa mikononi mwa wanajeshi São Paulo mwaka 1975, Meireles alichonga muhuri ulioandikwa kwa Kireno "Nani alimuua Herzog?" akaugonga kwenye noti, kisha akazirudisha sokoni. Hakuna anayetupa noti, kwa hiyo swali likatembea mfukoni hadi mfukoni. Alichohitaji ni muhuri na wino tu.

Nami nikachukua ndara kuukuu, nikazikata soli kwa wembe, herufi moja moja. Mpira wa ndara ni laini, unakubali, na ukigonga unaacha vitundu vidogo ndani ya wino vinavyofanya neno lionekane kama limepumua. Herufi inachongwa kinyume. A, M, T na U hazina shida, zinafanana pande zote. N yangu ya kwanza ilitoka imegeuka, na kwa kuwa kina changu ni "ni", ilinibidi niichonge tena mara nne hadi ikasimama sawasawa.

Majalada niliyakata kwenye leso za marehemu mama. Nilichukua pindo na mji, ule mstari wa jina, yaani usemi unaochapwa kwenye leso, nikauondoa, nikavitunza vipande vyake kwenye mkebe.

Nakala ya kwanza iliyokamilika nilimpelekea Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, aliyenilea kwa sehemu na ambaye anajua leso kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alilipapasa jalada kabla hajakifungua kitabu.

"Mwanangu, jina umelipeleka wapi? Leso bila jina ni kitambaa."

"Nimeliondoa kusudi, Bi Mkubwa. Fungua."

Akasoma kwa sauti, kwa ile lahani ya kizamani, mshororo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akaimba "Hawakurudi wenzetu", sauti ikapanda kutafuta utao, ikakwama. Kidole chake kikavuka peupe polepole mpaka kwenye "ni". Akakaa hapo.

Kisha akataja jina la mwanawe. Miaka mingi imepita tangu kijana yule atoke asubuhi kwenda kazini, na hakuna aliyewahi kumwambia mama yake alipelekwa wapi. Nilikuwa najua, mtaa mzima unajua, ila jina lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Niletee kalamu," akasema.

Akaliandika pale peupe, kwa herufi kubwa zenye kutetemeka, likaishia palipo na ile "ni". Kitabu hakunirudishia, nami sikukiomba.

Tangu siku hiyo kila nakala naifunga pamoja na penseli fupi kwa uzi. Hesabu ya waliouawa ilizidi kupanda baada ya Julai, nami sikusimama kwenye 39. Wiki hii nabandika ya 52, na yule mama wa mahamri bado ananiwekea pakiti.