Barua za Edmund Burke kwa watu wa Bristol

Tarehe 3 Novemba 1774, baada ya upigaji kura uliochukua wiki kadhaa, Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi wa Uingereza, alisimama mbele ya watu wa Bristol kuwashukuru kwa kumchagua kuwa mmoja wa wabunge wao wawili. Mwenzake, Henry Cruger, mfanyabiashara mzaliwa wa New York aliyekuwa amepata kura nyingi kuliko yeye, alikuwa ametangulia kuuambia umati kwamba mbunge anapaswa kufuata maagizo ya waliomchagua. Burke alilikataa wazo hilo papo hapo. Aliwaambia kwamba mwakilishi wao anadaiwa nao si bidii peke yake bali pia akili yake ya kupima mambo, na kwamba akiitupa akili hiyo ili kuyaridhisha maoni yao atakuwa amewasaliti badala ya kuwatumikia. Akaongeza kuwa Bunge si mkutano wa mabalozi waliotumwa na maslahi yanayogombana, bali ni baraza la taifa moja linaloshauriana juu ya manufaa ya wote.

Ni hotuba fupi sana, na kwa kadiri ninavyoona ndiyo inayonukuliwa kuliko maneno yake mengine yote juu ya uwakilishi. Hata hapa Tanga nimelisikia wazo lake likitajwa na watu ambao huenda hawajui limetoka wapi. Wanafunzi hulirudia wanapojiandaa kwa mtihani, na wagombea hulitumia wanapoulizwa kwa nini waliunga mkono jambo ambalo jimbo zima lililipinga. Naandika makala hii kwa sababu ninaamini kwamba hotuba hiyo, ikisomwa peke yake, humpotosha msomaji. Uzito wa Burke katika suala la mbunge na wapiga kura wake uko zaidi katika barua alizowaandikia watu hao hao wa Bristol miaka michache baadaye, na katika hotuba aliyowapa walipokuwa wakielekea kumkataa.

Kwanza inafaa kujua maandishi haya yametufikiaje. Sisi tumezoea kuwa na Hansadi, tena kwa Kiswahili, na mtu mwenye simu anaweza kusoma alichosema mbunge wake. Burke hakuishi katika hali hiyo. Baraza la Makabwela, yaani lile la wabunge waliochaguliwa, lilihesabu uchapishaji wa mijadala yake kuwa ni kuingilia haki zake, na katika miaka ya 1740 mwandishi Samuel Johnson, ambaye baadaye alikuwa rafiki wa Burke, aliandika mijadala ya Bunge kwa ajili ya jarida moja la London bila kuhudhuria vikao hivyo. Mwaka 1771 Bunge lilijaribu kuwaadhibu wapiga chapa wa London waliochapisha mijadala, Burke akawa miongoni mwa wabunge waliopinga hatua hiyo kwa nguvu, na tangu hapo magazeti yakapata nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo, hotuba zake tunazozisoma leo kwa ukamilifu ni zile ambazo yeye mwenyewe alikubali zichapishwe, akaziandaa kwa kalamu, na mpiga chapa James Dodsley akaziuza kama vijitabu. Kwa hiyo msomaji hasikii sauti iliyorekodiwa, bali anakutana na mtu aliyekaa na kufikiri mara ya pili. Bungeni wenzake walimpachika jina la kengele ya chakula cha jioni, kwa kuwa wengi walitoka ukumbini aliposimama kusema kwa muda mrefu, lakini vijitabu hivyo vilisomwa kwa makini na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Nirudi kwenye hotuba ya 1774, kwa sababu ina nusu ambayo hainukuliwi. Kabla ya kusema kwamba hataiuza akili yake, Burke anasema kuwa fahari na furaha ya mwakilishi ni kuishi katika umoja wa karibu kabisa na wapiga kura wake, kuwasiliana nao daima na kuzungumza nao bila kuwaficha lolote. Matakwa yao yawe na uzito mkubwa kwake, maoni yao ayaheshimu sana, na shughuli zao azishughulikie bila kuchoka. Anaweka sharti kwamba ajinyime mapumziko na starehe kwa ajili yao. Anayechukua sehemu ya uhuru wa mbunge na kuiacha sehemu ya wajibu huu anamwibia Burke nusu ya hoja, na huo ndio wizi ninaousikia mara nyingi zaidi.

Jaribio lilikuja mwaka 1778. Ireland ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza lakini biashara yake ilikuwa imefungwa kwa sheria nyingi. Ile ya 1699, kwa mfano, iliwazuia Waairishi kuuza vitambaa vyao vya sufu nje ya nchi isipokuwa Uingereza. Ilipoletwa miswada ya kulegeza vizuizi hivyo, wafanyabiashara wa Bristol walishtuka. Bristol ni mji wa bandari, na sisi tunaoishi Tanga tunajua vizuri jinsi habari ya mzigo kuhamia bandari nyingine inavyoweza kuwakosesha watu usingizi kuanzia mkubwa wa forodha hadi mchukuzi. Walimwandikia mbunge wao wakimtaka aipinge miswada hiyo. Burke, mzaliwa wa Dublin, aliiunga mkono.

Jibu lake lipo katika barua mbili. Ya kwanza, ya tarehe 23 Aprili 1778, ilikwenda kwa Samuel Span, kiongozi wa chama cha wafanyabiashara wakubwa wa mji huo. Ya pili, ya tarehe 2 Mei, ilikwenda kwa kampuni ya Harford, Cowles na wenzao. Mwaka huo huo Burke alizitoa zote mbili katika kijitabu kimoja, ili mpiga kura yeyote wa Bristol aweze kuzipima. Kinachonivutia ni kwamba hajifichi nyuma ya cheo chake, wala hawaambii kuwa mambo haya ni makubwa mno kwao kuyaelewa. Anawaeleza kwa utulivu kwamba biashara si kitu chenye mipaka ya kudumu, kana kwamba mahitaji ya watu hayawezi kupanuka kuliko wivu wao. Anawaambia kuwa Mungu amewapa wanadamu dunia yenye riziki ya kuwatosha wote, na kwamba ni heri kushiriki biashara na nchi inayostawi kuliko kuhodhi biashara ya nchi fukara. Kila hoja yao anaitaja kwanza, kisha ndipo anaijibu.

Katika ile barua ya pili yamo maneno ambayo kwangu yana thamani kuliko hotuba yote ya ushindi. Anasema kwamba ikiwa kwa mwenendo huu atapoteza kura zao katika uchaguzi ujao, basi ibaki katika kumbukumbu, iwe mfano kwa wabunge watakaokuja, kwamba alikuwepo angalau mtu mmoja aliyethubutu kupinga matakwa ya wapiga kura wake pale akili yake ilipomhakikishia kuwa wamekosea. Mwaka 1774 uhuru wa mbunge ulikuwa kauli ya mshindi, na kuitoa hakukumgharimu chochote. Sasa aliiandika kauli hiyo hiyo akijua bei yake, tena akiwaandikia watu wenye mamlaka ya kumtoza.

Walimtoza kweli. Tarehe 6 Septemba 1780, akiomba kuchaguliwa tena, alihutubia katika ukumbi wa mji akajibu mashtaka manne: kwamba hakuwatembelea vya kutosha, kwamba aliunga mkono biashara ya Ireland, kwamba aliupendelea mswada wa Lord Beauchamp wa kupunguza ukali wa kuwafunga watu gerezani kwa sababu ya madeni, na kwamba alitetea kulegezwa kwa sheria zilizowabana Wakatoliki. Shtaka la mwisho lilikuwa la hatari hasa. Miezi mitatu tu kabla yake, mwezi Juni, ghasia dhidi ya Wakatoliki zilikuwa zimeitikisa London, makanisa na nyumba zikachomwa moto, na mama yake Burke mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Angeweza kuzungumza kwa mafumbo. Badala yake aliwaambia waziwazi kwamba hakuyatii maagizo yao. Aliyatii maagizo ya ukweli na maumbile, akayalinda maslahi yao dhidi ya maoni yao. Aliyatazama maoni ambayo yeye na wao wangekuwa nayo baada ya miaka mitano, na siyo mmweko wa siku moja.

Siku tatu baadaye, alipoona kwamba hatashinda, alijiondoa. Mmoja wa wagombea, bwana Coombe, alikuwa amefariki ghafla siku iliyotangulia, na Burke alimtaja kwa heshima katika hotuba yake fupi ya kuaga, akisema kifo hicho kinawafundisha jinsi wanadamu walivyo vivuli na jinsi wanavyokimbilia vivuli. Hakuwalaumu waliomkataa.

Nilipomsimulia haya mwalimu mmoja mstaafu wa historia anayeishi Chumbageni, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Mwanangu, umenieleza vizuri, lakini hujanieleza wapiga kura wenyewe walikuwa nani." Nilimjibu kwamba walikuwa wanaume, takriban elfu tano, wenye haki ya kura kwa sababu ya mali au ya uraia wa mji, na kila mmoja alikuwa na kura mbili. Akasema, "Basi huyo bwana aliwaandikia matajiri barua. Sasa niambie, baada ya Bristol alikwenda wapi?"

Swali hilo la Mwalimu ndilo lililonifanya nielewe jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Baada ya Bristol, Burke alirudi Bungeni kwa kiti cha Malton, jimbo dogo la Yorkshire lililokuwa mkononi mwa mlezi wake wa kisiasa, Marquess wa Rockingham, na baada ya kifo cha Rockingham mwaka 1782 likawa chini ya Earl Fitzwilliam. Huko alikaa hadi mwaka 1794. Ni miaka ya kazi kubwa: hotuba juu ya dhuluma za Kampuni ya East India, kampuni ya Kiingereza iliyotawala sehemu za India, kesi ya Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wake huko, iliyofunguliwa mwaka 1788 na kumalizika mwaka 1795 kwa mshtakiwa kuachiwa huru, na kitabu chake cha 1790 juu ya mapinduzi ya Ufaransa, ambacho nacho kimeandikwa kwa sura ya barua. Lakini katika hotuba na barua zake za kipindi hicho nilizozisoma, sijakuta barua kwa wapiga kura wa Malton inayofanana na zile za 1778. Hakuwa na haja ya kuwaeleza, kwa kuwa wao hawakuwa na njia ya kumwondoa. Barua za Bristol ziliandikwa na mtu mwenye kipaji, ndiyo, lakini pia zilidaiwa na mji uliokuwa na nguvu ya kumkataa. Wanaomtaja Burke ili wasiulizwe maswali wanasahau kwamba maandishi yake bora juu ya uwakilishi yalitokana na kuulizwa maswali.

Kuna mahali ambapo siwezi kumfuata. Bristol ilikuwa moja ya bandari zilizotajirika kwa biashara ya watumwa, na miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, katika hotuba ya tarehe 22 Machi 1775 juu ya upatanisho na makoloni ya Amerika, Burke aliiita biashara hiyo isiyo ya kibinadamu, jambo lililohitaji ujasiri kwa mbunge wa mji ule. Mwaka 1789 alimuunga mkono Wilberforce, mbunge aliyeongoza juhudi za kuikomesha biashara hiyo. Lakini mpango alioutunga takriban mwaka 1780, na kuutuma mwaka 1792 kwa waziri Henry Dundas pamoja na barua ya maelezo, ni mpango wa kuitawala biashara hiyo kwa masharti na kuipunguza polepole. Ndani yake mna kanuni za meli, za ndoa, za mafundisho ya dini, za mali ya mtumwa na njia ya kujinunulia uhuru. Katika barua yake anaeleza kuwa angependelea ikomeshwe kabisa kuliko iendelee bila masharti. Naielewa hofu yake kwamba Bunge lisingekubali zaidi. Hata hivyo sisi tunaoishi jirani na Pangani, mji ambao misafara ilileta watu waliofungwa hadi ufukweni, hatuwezi kusoma kanuni za jinsi ya kumsafirisha mtu aliyeuzwa kana kwamba tunasoma kanuni za ushuru. Kwa Wakatoliki wa Uingereza, Burke alikuwa tayari kupoteza kiti chake. Kwa Waafrika alitafuta mahali pa katikati.

Barua zake za faragha zilianza kukusanywa katika juzuu nne mwaka 1844, na toleo kamili lililosimamiwa na Thomas Copeland, lenye juzuu kumi, lilitoka kati ya mwaka 1958 na 1978. Sisi watu wa Tanga tunajua faida ya kazi ya namna hiyo, kwa kuwa barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge zimetuonyesha mashaka ya fedha, ya kazi na ya uchapishaji ambayo mashairi yake hayayasemi.

Kwa anayetaka kuanza, maandishi yote ya Bristol yamo katika juzuu ya pili ya toleo la kazi za Burke la juzuu 12, linalopatikana bure kwenye intaneti. Ningemshauri asianze na hotuba ya 1774. Aanze na barua mbili za 1778, kisha asome hotuba ya tarehe 6 Septemba 1780 yote, hata kurasa zake ndefu juu ya sheria dhidi ya Wakatoliki, na ndipo arudi kwenye ile fupi ya ushindi.